Sanduku Lililorudi na Lakiri Yake

Sanduku lilirudi na lakiri yake nzima. Hilo ndilo lililompumbaza Batul mwanzo. Lakiri ilikuwa nyekundu ile ile, imeganda juu ya kufuli lile lile, na katikati yake alama ya pete ya marehemu mumewe, kama alivyoigandamiza mwenyewe miezi minne na siku kumi nyuma.

"Alhamdulillahi," alisema, akalipokea kwa mikono miwili. "Amana imerudi kwa mwenyewe."

Najmuddin, mdogo wa marehemu, hakuingia. Alisimama pale mlangoni kama mgeni, naye ndani ya nyumba ile alikuwa amekulia. Ilikuwa mara ya kwanza Batul kumwona uso tangu msiba, maana muda wote wa eda walizungumza pazia likiwa katikati. Alikuwa amefuga ndevu, amekonda mashavu. Batul akataka kumwuliza kama mkewe, Gulshan, anampikia au anampa chai tupu, lakini kijana hakumpa nafasi.

"Bhabhi," alisema, na ndivyo Mabohora wamwitavyo mke wa kaka, "kuna na jambo jingine. Nimekukatia tiketi. Meli ya Bombay inaondoka Alhamisi."

"Ya kwenda na kurudi?"

Najmuddin akaangalia viatu vyake. "Ya kwenda."

Sakafuni alikaa Mejumaa, jirani wa mlango wa pili, mjane mwenzake, akichambua ule mchele wa mgao wa kadi wa miaka ile ya baada ya vita, nusu mchele nusu mawe. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Nani aliyekwambia nataka kwenda Bombay?" aliuliza Batul.

"Bhabhi, sikiza. Kaka amekufa. Huna mtoto. Mwanamke peke yake ng'ambo ataishije? Kwenu ni Sidhpur."

"Sidhpur ninaye nani? Mamangu kafa, babangu kafa kabla yake. Nyumba yetu wamekaa watu nisiowajua hata majina. Nilishuka Mombasa na miaka kumi na saba, leo nina arobaini na sita. Ng'ambo kwangu ni huko, Najmu, si hapa."

"Na serikali imetoa sheria mpya ya watu wa kuja. Asiye na karatasi zake hakai."

"Karatasi ninazo." Batul akalipigapiga sanduku. "Zimo humu."

Kijana akameza mate. "Alhamisi rukwama itakuja saa mbili asubuhi kuchukua mizigo," akasema, akashuka ngazi mbio kama aliyeitwa.

"Huyo," alisema Mejumaa, "ana mfupa kooni."

Lazima nieleze sanduku hilo lilitokaje mikononi mwa Batul, maana hakuwa mwanamke wa kuacha vitu vyake ovyo. Mumewe, Abdeali, alikuwa fundi bati. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Kuze, akitengeneza koroboi, makopo ya kuchotea maji na mabirika ya msikitini. Alifariki Februari mwaka wa arobaini na nane, kwa homa ya siku tano. Batul akaingia edani. Hakuvuka kizingiti, hakuonekana na mwanamume asiye maharimu yake, na shemeji si maharimu, hata kama ulimwogesha alipokuwa mtoto. Na Najmuddin, Batul alimwogesha kweli. Aliletwa na meli akiwa yatima wa miaka tisa, na Batul, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto, ndiye aliyemlea.

Wiki ile ya msiba nyumba ilijaa. Wanawake waliingia na kutoka mchana kutwa, wanaojulikana na wasiojulikana, na mtaani nyumba mbili zilikuwa zimevunjwa na wezi. Ndipo Najmuddin aliposema nyuma ya pazia, "Bhabhi, vitu vyako vya maana usiviache humu. Karakana kuna sefu ya chuma. Nipe nikuwekee mpaka utoke eda."

Batul aliona ni maneno ya busara. Lakini hakutoa hivi hivi. Alichukua sanduku la bati alilotengenezewa na Abdeali kwa mkono wake, akavipanga vitu, akafunga kufuli, akayeyusha lakiri na kuipiga pete. Ufunguo akautia uzi, akauvaa shingoni ndani ya nguo. Alilala nao na kuswali nao.

Kosa alilofanya lilikuwa la mdomo.

"Zingatia vilivyomo," alimwambia yule wa nyuma ya pazia. "Pasi yangu, yenye muhuri wa siku niliyoshuka. Karatasi ya nikaha yetu. Bangili sita za mahari. Na hati ya nyumba hii, iliyo kwa jina langu."

Nyuma ya pazia kiti kikasogezwa.

"Kwa jina lako, Bhabhi?"

"Kaka yako alinipa hiba, huu mwaka wa nane. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

Mkono ukapita chini ya pazia, ukalivuta sanduku taratibu, ukaenda nalo.

Sasa limerudi. Batul alilikalisha juu ya kitanda, akaivunja lakiri, akautoa ufunguo shingoni. Ufunguo ukaingia bila shida. Akaona gazeti limeviringwa, na ndani ya gazeti bangili. Akazihesabu. Sita. Chini yake gazeti jingine, na chini ya hilo jingine tena. Akakunjua la kwanza, la pili, la tatu, akayakung'uta yote juu ya shuka. Pasi haikuwemo. Nikaha haikuwemo. Hati ya nyumba haikuwemo.

"Subhanallah," alinong'ona Mejumaa. "Lakiri nzima, kufuli zima! Shoga, hii si kazi ya mtu. Haya majini."

"Majini gani wanaosoma Kigujarati?" alisema Batul, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Alikuwa ameshika gazeti karibu na dirisha. "Hili ni la tarehe tatu Mei. Mimi sanduku nililifunga Februari."

Aliliweka gazeti kando. Kisha akaligeuza sanduku, matako juu.

Mtu mwingine asingeona kitu. Lakini Batul alikuwa ameolewa na fundi bati kwa miaka ishirini na tisa. Lehemu ya zamani hufifia ikawa kama jivu, na hii iliyozunguka kitako ilikuwa iking'aa kama magamba ya samaki. Kitako kilikuwa kimebanduliwa chote, kisha kikarudishwa.

"Wewe ulilinda kufuli," alisema Mejumaa akiwa ameshika kidevu. "Mwenzako ni wa nyumba ya mafundi bati. Ana haja gani na kufuli?"

Batul aliinama karibu zaidi. Alikuwa akipitisha kidole juu ya ule mshono. Najmuddin hakuwahi kuijua lehemu. Yeye alikuwa mtu wa kaunta na wateja, na akishika chuma cha moto kazi yake hutoka mavimbe mavimbe. Mshono huu ulikuwa laini, umepanguswa kwa kitambaa cha maji ungali moto, na mwisho wake ulikwenda kushoto kwa kijimkia chembamba. Mombasa nzima fundi mmoja tu alimaliza kazi yake namna hiyo, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Alikuwa Mung'aro, fundi mkubwa wa mumewe tangu mwaka wa thelathini.

"Wacha nitoke hapo nje nipige ukelele," alisema Mejumaa. "Wallahi leo Ndia Kuu watanisikia mpaka forodhani!"

"Nyamaza, Mejumaa. Magharibi imeingia. Wacha niswali."

Aliswali, lakini alisahau rakaa, ikambidi aanze upya.

Asubuhi alijitanda, akalifunika sanduku kwa upande wa mtandio, akatoka. Jua lilimwumiza macho baada ya miezi yote ile. Watu wakamsalimu njiani, "Pole, Bibi, Mungu akupe subira," naye akaitikia mmoja mmoja. Mejumaa alifuata nyuma akimung'unya maneno yake.

Mung'aro alikuwa peke yake karakana, amechutama mbele ya seredani, chuma chake kimo ndani ya makaa. Alipomwona Batul akainuka haraka akifuta mikono.

"Mama! Umetoka eda. Mungu mkubwa. Bwana Najmuddin hayupo, ametoka..."

"Nimekuja kwako, Fundi." Akaliweka sanduku juu ya meza, kitako juu. "Kazi hii ya nani?"

Mung'aro akatazama mshono, akatazama mlango, akautazama mshono tena.

"Usiniambie huijui," alisema Batul.

"Ni yangu, Mama."

"Kwa amri ya nani?"

"Bwana. Alisema umepoteza ufunguo, nawe waona haya kumwambia mtu."

"Ukaamini?"

Mung'aro akachutama tena. "Niliamini nusu. Nilipoona anatoa karatasi na dhahabu anaiacha, ile nusu nayo ikanitoka."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa edani, Mama. Ningekujaje?"

"Mejumaa hupita hapo mlangoni kila siku akienda kununua makaa. Hukuweza kumpa neno moja?"

"Ananisalimu kila siku, huyu!" alidakia Mejumaa. "Fundi hujambo, Fundi watoto hawajambo. Na yeye na meno yake nje: hawajambo, Bibi! Kumbe!"

Mung'aro alikigeuza chuma ndani ya makaa, akakigeuza tena. "Nina watoto watano, Mama. Yeye ndiye bwana sasa."

Batul angeweza kumkumbusha mengi. Kuna miaka ya vita ambayo sufuria mbili zilipikwa nyumbani kwake, moja ikaenda Majengo kwa watoto hao watano. Hakusema. Mtu anayekumbuka hahitaji kuambiwa, na huyu alikuwa anakumbuka, ilionekana kwa jinsi alivyoinamisha shingo.

"Karatasi ziko wapi?"

"Hati ya nyumba alikwenda nayo. Pasi na ile nyingine..." Akaonyesha seredani kwa ncha ya kidevu.

"Ile nyingine ni nikaha yangu."

"Ilishika moto upesi, Mama. Ilikuwa karatasi ya zamani."

Batul akaichungulia seredani. Mlikuwa na makaa tu.

"Vaa viatu, Fundi," alisema Batul. "Twende ofisi ya hati ukaseme hayo uliyoniambia."

"Siwezi, Mama."

"Huwezi."

"Nikisema, kesho sina kazi. Usinichukie."

Batul akalichukua sanduku lake, akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu yeyote.

Njia ya kwenda Trezari, penye ofisi za serikali, hupita chini ya Ngome. Wakati ule Ngome ilikuwa jela. Wafungwa walikuwa wakiteremka na ndoo, mmoja mmoja, askari nyuma yao. Batul alikuwa amepita hapo mara ngapi bila hata kugeuza shingo! Siku hiyo aligeuza.

Katika ofisi ya hati palikuwa na karani kijana aitwaye Kaingu, Mkristo wa Rabai, amefunga tai, mwenye adabu. Alimpa Batul kiti, akamwuliza ni nyumba ipi, akatoa buku kubwa na kulifungua mezani. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, akawa anayapitisha kidole na kumfasiria.

"Nyumba hii, Mama, haipo tena kwa jina la Batul. Imehamishwa kwa Najmuddin, tarehe kumi na mbili Mei."

"Imehamishwa na nani?"

"Na Batul mwenyewe. Alikuja hapa na shemeji yake, nami nilikuwapo. Amejitanda gubigubi, hasemi kitu. Akatia kidole." Kaingu akasoma: "Mjane, hajui kusoma wala kuandika."

"Mwanangu," alisema Batul, "Batul ni mimi."

Kaingu akainua macho.

"Na tarehe kumi na mbili Mei mimi nilikuwa edani."

"Edani ni wapi, Mama?"

Mejumaa alishindwa kuvumilia. "Ati ni wapi! Si mahali, kijana! Mwanamke akifiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki! Hata moto ukiwaka hutoka akijiuliza! Mtaa mzima ni shahidi, na imamu shahidi. Muislamu gani atamtoa mjane edani amlete hapa kutia kidole?"

"Mimi Mkristo," alisema Kaingu polepole, "hayo sikuyajua. Ningejua siku ile, ningeuliza." Akajifuta kipaji. "Na mwenye kumleta alijua?"

"Alijua," alisema Batul. "Alikuwa akija kila jioni kunipa pole."

Akaomba kalamu. Juu ya karatasi tupu akaandika jina lake kwa Kigujarati, kama alivyofundishwa shuleni Sidhpur kabla ya kutolewa darasa la nne, na chini yake akaliandika kwa herufi za Kizungu, alizojifunza mwenyewe kwa kusoma maneno ya juu ya madebe ya mafuta ya taa. Herufi zilisimama wima, zikilingana. Kaingu alizitazama, kisha akatazama ile alama ya kidole iliyotanda kama tope.

Batul naye aliitazama. Yeye ndiye aliyemfundisha Najmuddin herufi zake za mwanzo, kwa kipande cha mkaa juu ya bati, mtoto analia hajui kushika. Na sasa mtoto huyo ameandika, serikalini, kwamba Bhabhi wake hajui kusoma wala kuandika. Kuna kuibiwa nyumba, na kuna hili.

Na kidole kile kilikuwa kidogo, cha mwanamke. Gulshan. Kila Alhamisi ya eda alikuja, akaketi naye bega kwa bega, wakamsomea marehemu.

"Sasa nini?" aliuliza Mejumaa.

Kaingu akateremsha sauti. "Mama aandike malalamiko, nami niyapeleke polisi. Lakini nimwambie ukweli, hili ni la jela. Yeye, na huyo aliyetia kidole. Asipoandika, buku litabaki kama lilivyo, na kwa sheria hii mpya, bila pasi wala nyumba, sijui Mama atajieleza vipi." Akafikiri. "Kuna njia moja. Angekuja mwenyewe, leo, kabla ya saa kumi kufungwa ofisi, akairudisha nyumba, mimi ningeandika tu kuwa imerudishwa. Kesho bwana mkubwa analipitia buku. Akiliona, halimo tena mkononi mwangu."

"Nitamwambia aje," alisema Batul.

Najmuddin alipanga vyumba viwili ghorofani juu ya karakana. Batul aliwakuta wakila chakula cha mchana. Gulshan alipomwona alivuta mtandio usoni na kuingia chumba cha ndani, sahani yake ikabaki na tonge lililofinyangwa.

"Najmu, nimetoka ofisi ya hati."

Kijana akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Dhahabu yako imo yote, Bhabhi. Hesabu. Sikugusa hata moja. Mimi si mwizi."

"Ungeiba dhahabu ningekusamehe kabla hujashuka ngazi."

"Nyumba ni ya Kaka. Kaka ni damu yangu. Wewe..." Akasita. "Wewe uliolewa tu."

"Nawe uliletwa tu. Nani aliyemlilia Abdeali mpaka akatuma nauli ya yatima?"

"Sikatai. Na mimi sikukusudia kukutupa. Kila mwezi ningekutumia kitu Sidhpur. Ungekaa kwa heshima, kwenye watu wa kwenu."

"Nikiwaambia nilikuwa mke wa nani? Nikaha yangu umeichoma."

Chini, nyundo ya Mung'aro ilikuwa ikigonga bati, nayo ikanyamaza.

"Sikufikiri," alisema Najmuddin.

"Ulifikiri. Ulifikiri Februari, ukafikiri Machi, ukafikiri Aprili. Kila jioni ukija pale pazia unaniuliza, Bhabhi umekula? Bhabhi unataka nini sokoni? Nami namwambia Mungu, Hukunipa mtoto wa tumbo lakini umenipa huyu. Hiyo ndiyo dua niliyokuwa nikiomba, wewe umeketi hapo na hati yangu mfukoni."

Kutoka ndani Gulshan alisikika akilia. Najmuddin akatazama mlango ule, kisha akajikaza, sauti yake ikawa ngumu.

"Basi wataka nini?"

"Uje ofisini kabla ya saa kumi, uirudishe. Karani hatauliza. Wala mimi sitauliza. Pasi tutatafuta njia yake. Usipokuja nitaandika malalamiko, na mwajua nyinyi wawili mtapelekwa wapi."

Najmuddin akatabasamu. Tabasamu lile Batul alilijua tangu utotoni, la mtoto aliyevunja kikombe na kujua hatapigwa.

"Wewe, Bhabhi? Unitie mimi Ngomeni? Mimi?" Akatikisa kichwa. "Nakujua."

"Ndiyo," alisema Batul. "Wanijua. Ndiyo maana ulithubutu."

Saa nane na nusu alikuwa ameketi kwenye benchi la baraza ya ofisi, sanduku mapajani, Mejumaa ubavuni. Watu walipita na hati zao. Batul alikuwa akiitazama kila kofia ya Kibohora iliyokata kona. Kulikuwa nazo nyingi siku hiyo.

"Atakuja," alisema.

"Haji," alisema Mejumaa.

"Mimi ndiye niliyemlea."

"Ndiyo maana haji, shoga. Anakungoja wewe urudi nyumbani ulie, kisha ufunge mizigo."

Adhana ya alasiri ikatoka misikiti ya mjini, mmoja baada ya mwingine. Ndipo mtu akaonekana anakuja kutoka upande wa Ngome, anatembea kiupande upande kama mwenye kiatu kinachobana. Batul akainuka. Kisha akaketi, maana alikuwa Mung'aro.

Alisimama mbali kidogo, akanyoosha bahasha kwa mikono miwili.

"Bwana amenituma. Ni tiketi yako, Mama. Amesema nikwambie rukwama ni ile ile, Alhamisi, saa mbili."

"Na lingine?"

"Hakuna lingine."

Batul akaipokea. "Umefikisha, Fundi. Nenda."

Mung'aro akaenda. Aligeuka nyuma mara mbili kabla ya kukata kona, na mara zote mbili Batul alimwona, akamwacha aende.

Saa ya ukutani ndani ilionyesha kumi kasoro dakika kumi. Wapiga taipu walikuwa wakifunika mashine zao kwa vitambaa. Batul aliingia, akaketi mbele ya meza ya Kaingu.

"Andika," alisema. "Kwa Kiswahili, niyasome kabla sijatia jina."

Kaingu akachovya kalamu. Aliandika jina la Batul, mtaa wake, tarehe ya kifo cha mumewe, tarehe ya kuingia eda na ya kutoka. Alimwuliza majina ya majirani watakaoshuhudia, Mejumaa akayamwaga kumi na mawili bila kuvuta pumzi. Kisha akafika mahali akasita.

"Mshitakiwa, Mama. Ni nani wako?"

Batul alifungua mdomo, na neno lililokuja mwanzo alilimeza. Lilikuwa limekaa ulimini miaka ishirini, na njia ya kulirudisha chini ilikuwa ndefu. Mejumaa aliinama akitazama sakafu.

"Shemeji," alisema. "Andika shemeji."

Kaingu akaandika, akamgeuzia karatasi. Batul aliisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, hana haraka. Katika mstari wa sita alisimamisha kidole.

"Hapa umeandika Batul anadai alikuwa edani. Ondoa hilo anadai. Nilikuwa."

Kaingu akalikata. Batul akachukua kalamu akatia jina lake, kwa Kigujarati na kwa Kizungu, akangoja wino ukauke. Kisha akasimama, akalichukua sanduku lake, akauliza mlango wa polisi ni upi.